Apu inagoma na hujui pa kuanzia? Pita humu hatua kwa hatua

Wakuu, hii naandika kwa yule ambaye ndo kwanza ameinstoli Android Studio au Flutter (vifaa vya kutengenezea apu za simu), amefungua projekti mpya, hajaandika hata mstari mmoja wa kodi yake (kodi ya programu, siyo ile ya nyumba) na tayari chini ya skrini kuna maandishi mekundu mpaka hujui uanze kusoma wapi. Nimepita hapo, na kilichonichelewesha zaidi haikuwa ugumu wa Kotlin (lugha ya kuandikia apu za Android) wala nini, ni kwamba nilikuwa natafuta kosa mahali lisipokuwepo. Kuna siku nilifuta nusu ya kodi yangu nikaiandika upya usiku kucha kwa sababu apu haikuwa inaingia kwenye simu, kumbe waya niliochomeka ulikuwa wa kuchajia tu, haupitishi data. Siku mbili hizo zimekwenda.

Kwa hiyo kabla hujagusa kitu jiulize kwanza shida imekaa wapi: kwenye kompyuta, kwenye kubildi (kugeuza kodi kuwa apu), kwenye simu, kwenye kodi yako au kwenye mtandao. Kila hatua hapa chini inakusaidia kutoa sehemu moja kwenye orodha ya washukiwa. Mifano mingi ni ya Android maana ndo njia wengi wanaanzia, ila na wa Flutter wamo.

Hatua ya 1: Tengeneza projekti tupu uone kama inawaka

Hii wengi wanairuka na ndo inaokoa muda kuliko zote. Fungua projekti mpya kabisa, ile ya mfano inayokuja na maandishi ya salamu tu, usiongeze kitu chochote, bonyeza ran (kitufe cha Run). Ikiwaka vizuri basi kompyuta yako na simu yako havina shida, tatizo liko kwenye projekti yako, ruka nenda hatua ya 4. Ikigoma nayo, basi acha kabisa kuichokonoa kodi yako, haina hatia.

Kama unatumia Flutter kuna njia fupi zaidi, fungua terminali (dirisha la kuandikia amri) andika `flutter doctor`. Itakupa orodha yenye alama za vema na alama za kosa, na pale penye kosa huwa inakuambia na amri ya kuandika. Ile ya leseni za Android karibu kila mgeni anakutana nayo, dawa yake ni `flutter doctor --android-licenses` alafu unabonyeza y mpaka ziishe.

Kitu kingine cha kuangalia hapo hapo ni jina la folda. Kama umeweka projekti ndani ya folda yenye nafasi katikati ya jina au yenye herufi za ajabu ajabu, hamisha. Weka njia fupi tu kama C:\kazi\daftari. Inaonekana upuuzi ila kuna vifaa vya kubildi vinachanganyikiwa na hiyo nafasi moja.

Hatua ya 2: Kompyuta inakoroma, emuleta haifunguki

Android Studio yenyewe inataka angalau GB 8 za RAM, na ukiweka na emuleta (simu ya bandia inayowaka ndani ya kompyuta) juu yake wenyewe wanataka 16. Sasa wewe una 8, umefungua na brauza yenye tabu 30, unategemea nini? Ushauri wangu kwa mwenye mashine ndogo ni mmoja: achana na emuleta, tumia simu yako. Simu ya kawaida ya Android inaendesha apu haraka kuliko emuleta kwenye mashine dhaifu, na pia unaona apu inavyokaa mkononi kweli.

Kama lazima utumie emuleta na inakwama kwenye skrini nyeusi au inachukua dakika 10 kuwaka, angalia kama vachulaizesheni (uwezo wa prosesa kuendesha mashine ndani ya mashine) imewashwa kwenye BIOS (setingi za kompyuta unazofungua kabla Windows haijawaka). Kwenye prosesa za Intel utaikuta kwa jina la VT-x, kwenye AMD mara nyingi imeandikwa SVM. Ukitumia Windows washa pia kile kipengele cha Windows Hypervisor Platform kisha restati mashine. Video nyingi za zamani zitakuambia uinstoli HAXM, usihangaike nayo, Intel walishaachana nayo 2023. Na kama emuleta ilikuwa inawaka jana ila leo imeganda, nenda Device Manager chagua Cold Boot, ikikataa chagua Wipe Data, hiyo ni kama kuirudisha simu ikiwa mpya.

Hatua ya 3: Simu imechomekwa lakini kompyuta haiioni

Anza na waya. Nimeshasema yaliyonikuta sirudii. Ukichomeka simu na kompyuta haioni hata picha zako, badilisha waya kwanza.

Waya ukiwa mzima, nenda kwenye setingi za simu, sehemu ya kuhusu simu, tafuta Build number uiguse mara 7 mfululizo, simu itakuambia sasa wewe ni developa (cheo cha bure hicho). Rudi nyuma utaona menyu mpya ya Developer options, ingia uwashe USB debugging. Sasa kwenye terminali andika `adb devices`, adb ni kifaa kinachoiunganisha kompyuta na simu. Hapo kuna majibu matatu ya kukutana nayo:

Ikitokea namba ya simu na neno device pembeni, umemaliza. Ikitokea unauthorized, angalia skrini ya simu, kuna kisanduku kinakuuliza kama unaiamini hii kompyuta, wengi hawakioni kwa sababu simu imejifunga. Kubali, na weka tiki ya kukumbuka siku zote. Orodha ikiwa tupu kabisa, andika `adb kill-server` kisha `adb start-server`, ikiwa bado tupu na uko Windows basi ujue unakosa draiva ya simu, ipakue kwa mtengenezaji wa simu yako.

Kwenye simu za Xiaomi kuna swichi nyingine ya ziada inaitwa Install via USB, usipoiwasha adb itaiona simu vizuri tu ila apu itakataliwa kuingia. Na kama simu yako ni Android 11 kwenda juu unaweza kuachana na waya kabisa ukatumia Wireless debugging, ila simu na kompyuta ziwe kwenye waifai moja.

Wa iPhone nanyi msijisikie mmetengwa: bila kompyuta ya Mac yenye Xcode huwezi kubildi apu ya iPhone kwenye mashine yako, hakuna ujanja. Na ukisaini kwa akaunti ya bure ya Apple, apu uliyoiweka kwenye simu yako inaacha kufunguka baada ya siku 7. Siyo bagi hiyo, ndo walivyoamua, unairudishia tu.

Hatua ya 4: Gradle, hapa ndo watu wanalia

Gradle ndo mpishi. We unaandika kodi, yeye anakusanya laibrari (kodi za wengine unazotumia) zote, anaunganisha, anatoa faili la kuinstoli. Akigoma kila kitu kimegoma, na akigoma huwa anaongea sana. Usisome yote. Tafuta mstari unaoanza na "What went wrong" na usome mistari miwili mitatu inayofuata, kwingine kote ni kelele tu.

Kabla ya yote, kama ni mara ya kwanza unafungua projekti, mpe muda. Mara ya kwanza anapakua vitu vingi sana na kwa intaneti ya polepole inaweza kufika hata saa nzima, mtu anaona mstari unazunguka tu anadhani imestaki anazima, anawasha anaanza upya, anazima tena... We iache ikae. Ikikatika katikati na ukaona "Could not resolve" au "Could not download" basi hilo ni la mtandao, siyo la kodi, hakikisha intaneti ipo, zima VPN kama unayo, na angalia kama kwa bahati mbaya umewasha Offline mode ya Gradle maana ukiiwasha hapakui chochote.

Alafu kuna hili la Java. Utaona erori imeandikwa "Unsupported class file major version 65" na huelewi 65 imetoka wapi. Chukua hiyo namba toa 44, unapata toleo la Java: 65 ni Java 21, 61 ni Java 17. Maana yake ni kwamba Gradle uliyonayo ni ya zamani, haijui hiyo Java mpya unayotumia. Ama unapandisha Gradle, ama unashusha Java. Kushusha ni rahisi, nenda Settings, Build Tools, Gradle, pale kwenye Gradle JDK chagua 17. Kinyume chake pia kipo, plagini ya Android kuanzia toleo la 8 inadai Java 17 kama kiwango cha chini, ukiwa na 11 inakataa.

Nyingi ya erori za Gradle zinaletwa na video za zamani, hili naomba nilisisitize. Mtu anafuata mafunzo ya 2019, anakopi kila kitu neno kwa neno, anapesti, inagoma, anajiona mjinga. We si mjinga, dunia imesogea. Dalili zake ni hizi: ukiona kwenye kodi kuna `jcenter()`, ghala hilo lilitangazwa kufungwa 2021, weka `mavenCentral()` na `google()`. Ukiona erori ya "Namespace not specified" ni plagini mpya inataka jina la kifurushi liandikwe ndani ya build.gradle, zamani lilikaa kwenye manifesti (faili la AndroidManifest.xml). Na ukiona "Manifest merger failed" ikitaja android:exported, ni sheria iliyoanza na Android 12, kila activity (skrini ya apu) yenye intent-filter (tangazo la maombi inayoyapokea) lazima useme wazi kama apu nyingine zinaruhusiwa kuiita, kwa ile ya kufungulia apu unaandika `android:exported="true"`.

Ukishajaribu yote na bado, ndo unasafisha: Clean Project, kisha Invalidate Caches, na wa Flutter `flutter clean` halafu `flutter pub get`. Kuna watu wanaanza na kusafisha kila wakipata erori, mimi siwashauri, kwanza unasubiri kubildi upya kila kitu, pili hata ikipona hujui ilikuwa inaumwa nini na kesho itarudi.

Hatua ya 5: Imebildi, imefunguka, imekufa

Bonyeza ran, apu inatokea sekunde moja, puu, imejifunga. Hongera, sasa ndo umefika kwenye kosa lako mwenyewe.

Fungua Logcat, dirisha la Android Studio linaloonyesha kumbukumbu za simu. Kwenye kisanduku cha kuchuja andika `package:mine level:error` ili uone za apu yako tu, la sivyo utasoma mambo ya simu nzima. Tafuta maneno FATAL EXCEPTION. Chini yake kuna mlolongo mrefu wa mistari inayoanza na "at", na hapa ndo kuna siri: shuka mpaka "Caused by" ya mwisho kabisa, hicho ndo chanzo, zile za juu ni matokeo. Kutoka hapo tafuta mstari wa kwanza wenye jina la kifurushi chako, mfano:

`at com.mfano.daftari.MainActivity.onCreate(MainActivity.kt:27)`

Hapo umeambiwa faili na namba ya mstari. Mstari wa 27. Bonyeza tu itakupeleka. Mistari mingine yenye android.app au java.lang siyo mahali pa kuanzia, huwezi kwenda kurekebisha Android yenyewe.

Sasa erori zenyewe zinazowapata wageni ni zile zile. NullPointerException, umetumia kitu ambacho hakipo, na mara nyingi ni kwamba umeita findViewById kabla ya setContentView, au kitufe unachokitafuta kiko kwenye leauti nyingine. "lateinit property has not been initialized", umeahidi kitu utakijaza baadaye ukakitumia kabla ya kukijaza. ActivityNotFoundException yenye swali la kama umeitangaza activity kwenye manifesti, jibu ni hapana hujaitangaza, kaitangaze. NetworkOnMainThreadException, umeenda mtandaoni ukitumia uzi mkuu ambao kazi yake ni kuchora skrini, peleka hiyo kazi pembeni kwa korutini (njia ya Kotlin ya kufanya kazi nyuma ya pazia).

Na kama apu haifi ila inaganda mpaka simu inauliza usubiri au uifunge, ni jamaa yake huyo wa mwisho: uzi mkuu umebanwa na kazi nzito na mtu akigusa skrini hapati jibu ndani ya sekunde 5, Android inatoa hicho kisanduku. Tafuta lupu ndefu au kusoma faili kubwa uliyoiweka ndani ya onCreate.

Usipoelewa erori, kopi mstari wa Caused by peke yake, ondoa jina la kifurushi chako, tafuta mtandaoni. Ukipesti mlolongo wote hupati kitu.

Hatua ya 6: Apu inafunguka ila haileti data

Una seva kwenye kompyuta yako, ukiifungua kwenye brauza kwa localhost inajibu safi, kwenye apu hamna kitu. Sababu ni kwamba localhost maana yake ni "mimi mwenyewe", na apu ikiwa kwenye emuleta, yule "mimi mwenyewe" ni emuleta, siyo kompyuta yako. Kwenye emuleta ya Android andika 10.0.2.2 badala ya localhost. Kwenye simu halisi iliyochomekwa waya andika kwenye terminali `adb reverse tcp:3000 tcp:3000` (weka namba ya poti yako) na localhost itafanya kazi. Bila waya, tumia IP ya kompyuta kwenye waifai, ile ya 192.168 na kuendelea, na hakikisha seva inasikiliza 0.0.0.0 na faiwoli haijaiziba.

Kingine, kuanzia Android 9 anwani za http tupu bila s zinazuiwa, Logcat itakuambia CLEARTEXT not permitted. Wakati wa kujaribu unaweza kuweka `android:usesCleartextTraffic="true"` kwenye manifesti, ila ukienda kwa watu tumia https na uitoe hiyo.

Wa Flutter wana mtego wao peke yao: apu inaleta data vizuri wakati wa kujaribu, ukitoa APK (faili la kuinstoli) ya mwisho ukawapa marafiki, hamna data. Ni kwamba Flutter inaweka ruhusa ya INTERNET kwenye manifesti za debug na profile tu (za matoleo ya kujaribia), ya main huna. Iongeze mwenyewe. Huu mtego umekamata watu wengi mno.

Hatua ya 7: Vidudu vidogo vidogo

Ukizungusha simu na maandishi uliyoandika yakapotea, Android imeivunja activity na kuijenga upya, weka data zako kwenye ViewModel (darasa linalobaki hai hata activity ikijengwa upya). Ukibadilisha kodi ya Flutter na hot reload (kupakia mabadiliko bila kuizima apu) haionyeshi badiliko, huenda umegusa initState au main, hizo hazirudiwi, fanya hot restart. Mistari ya njano na nyeusi pembeni ya skrini maana yake vitu vimezidi nafasi, zungushia kwa Expanded au SingleChildScrollView.

Hatua ya 8: Ya mwisho imegoma ingawa ya debug ilikuwa inadunda

Toleo la release (la kuwapa watu) linapitia R8, ambayo inafuta kodi isiyotumika na kufupisha majina, sasa kama unasoma JSON kwa laibrari inayotegemea majina ya madarasa yako, majina yamebadilika na data inakuja tupu au apu inakufa. Kupima ni rahisi, weka `isMinifyEnabled = false` ubildi tena, ikipona umempata mchawi, irudishe true alafu uandike sheria za keep (zinazoizuia R8 isiguse) kwa yale madarasa.

Simu ikikataa kuinstoli na kusema INSTALL_FAILED_UPDATE_INCOMPATIBLE, ni kwa sababu ile iliyomo ilisainiwa kwa ufunguo wa debug na hii ni ufunguo mwingine, toa ya zamani kwanza. Faili la keystore (lenye ufunguo wa kusainia apu) na nywila zake kopi sehemu mbili tofauti, na usilipandishe GitHub. Kwa apu mpya za Play Store, Google ndo wanatunza ufunguo mkuu, kwa hiyo ukipoteza ule wa kupandishia unaweza kuomba ubadilishwe, lakini ukigawa APK mwenyewe nje ya Play na ukapoteza ufunguo, huwezi kuwapa watu wako apdeti tena, watatakiwa waitoe apu waiweke upya na data zao ziende. Mimi nililia hapo.

Na kama unalenga Play kwa akaunti binafsi iliyofunguliwa baada ya 13 Novemba 2023, jua mapema kwamba utatakiwa kuwa na watu 12 wa kuijaribu kwa siku 14 mfululizo kabla ya kuruhusiwa kuitoa kwa umma. Anza kuwatafuta wakati bado unaandika kodi, na kila unapopandisha faili jipya ongeza versionCode (namba ya toleo la apu), hata kama umebadilisha herufi moja, la sivyo inakataliwa.

Ukikwama kabisa

Uliza watu, ila usiandike "apu yangu haifanyi kazi msaada tafadhali" ukaweka picha ya skrini iliyopigwa na simu kwa pembeni. Weka Caused by kama maandishi, weka mistari kama 10 ya kodi inayozunguka ile iliyotajwa, sema toleo la Android Studio au Flutter, sema unajaribu kwenye emuleta au simu gani, na sema ulichobadilisha mara ya mwisho kabla haijagoma. Hicho cha mwisho ukishindwa kukijibu basi huna git (kifaa cha kutunza historia ya kodi), na dakika 5 zinatosha: `git init`, `git add .`, `git commit -m "inawaka"`. Fanya hivyo kila apu inapowaka, siku ikigoma unaandika `git diff` unaona mistari uliyogusa tangu hapo.